Mfumo umechelewa miezi sita na bodi haituamini tena: tuanzie wapi?

Swali: "Ninaongoza timu ya watu sita tunaotengeneza mfumo wa SACCOS ya wafanyakazi yenye wanachama wapatao 3,000. Tulitakiwa kuukabidhi Desemba mwaka jana, sasa ni Juni. Kila kikao nimekuwa nikisema tumefika asilimia 90. Wahasibu walianza kuutumia Machi, wakakuta salio la mikopo ya baadhi ya wanachama halilingani na la kwenye Excel, wakarudi kwenye Excel. Mwenyekiti wa bodi hapokei simu zangu, anamtuma katibu. Bosi wangu anataka kuniongezea vijana wanne. Vijana nilionao wanasema msimbo, yaani maandishi ya programu, umeharibika mno, tuufute tuandike upya. Mkutano mkuu wa wanachama ni Septemba na bodi inautaka mfumo uwe tayari. Nifanye nini mradi ufufuke na watu hawa waniamini tena?"

Ndugu yangu, maelezo yako nimeyasoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni yule mwenyekiti anayemtuma katibu. Mfumo kuchelewa ni jambo la kawaida katika kazi yetu. Mwenyekiti akishaacha kupokea simu, hata ukimpelekea mfumo mzuri kesho ataugeuza na kuugeuza akitafuta kasoro. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mradi ufufuke vipi, na wewe uaminiwe vipi tena. Wengi hushughulikia la kwanza wakitumaini la pili litafuata lenyewe. Mimi nimeona kinyume chake. Bila imani ya wahasibu hupati leja za zamani, bila imani ya bodi hupati maamuzi, na ukikosa hivyo viwili vijana wako wataendelea kuandika msimbo kwa kubahatisha.

Tuanze na hiyo asilimia 90, kwa sababu ndiyo iliyokufikisha hapa. Sidhani kama ulikuwa unadanganya. Ulihesabu kinachoonekana: fomu ya mwanachama ipo, fomu ya mkopo ipo, ripoti zinachapishwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mfumo wa fedha haina skrini. Faili la makato linatoka kwa mwajiri likiwa na namba ya mtumishi isiyofanana na iliyo kwenye leja. Mwanachama amechukua mkopo mpya kabla hajamaliza wa zamani. Mdhamini amefariki. Uthibitisho wa malipo ya simu umeingia mara mbili kwa sababu seva yenu ilichelewa kujibu mara ya kwanza, na kama hamkagui namba ya muamala, mtu ameandikiwa rejesho mara mbili kwa pesa aliyolipa mara moja. Mambo haya hayakuwemo kwenye hesabu yako, na ndiyo yaliyokula miezi sita.

Sasa kaa upande wa bodi. Januari walisikia 90, Machi 90, Mei 90. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo ukitaja namba yoyote, hata iliyo sahihi, wataisikia kama zile za nyuma. Kuanzia sasa asilimia ziache kabisa. Taja kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi, kimoja kimoja, kwa jina.

Kuhusu vijana wanne, bosi wako ana nia njema, ila kwa muda uliobaki watakurudisha nyuma. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake ni ya darasani. Watu sita wana jozi 15 za kuelewana. Watu kumi wana jozi 45. Kila jozi ni mahali ambapo mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshafanya. Na nani atawafundisha hao wageni jinsi makato yanavyoingia? Ni wale wawili wanaoujua mfumo vizuri kuliko wote, wale wale unaowategemea kurekebisha salio. Hadi wageni waelewe, Septemba imefika.

Upo mfano mkubwa wa kinyume chake. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliutupa mfumo wake wa majalada ya kesi mwaka 2005 baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mfumo uliofuata, Sentinel, nao ukasuasua mikononi mwa mkandarasi. Mwaka 2010 FBI iliamua kuusimamia yenyewe, ikapunguza watu, ikagawa kazi katika vipande vifupi vya wiki mbili mbili, kila kipande kikionyeshwa kinapokamilika. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika katika shirika zima. Fedha ambayo bosi wako angewalipa wale wanne ina kazi nyingine nzuri, nitaifikia.

Vijana wako wanaotaka kufuta na kuandika upya nawaelewa sana, maana hakuna anayependa kufanya kazi kwenye msimbo wa mchafukoge. Hata hivyo ule mstari wa ajabu usioeleweka mara nyingi uliwekwa na mtu aliyekutana na mwanachama wa ajabu. Mkiufuta, mtakutana naye tena, safari hii mbele ya bodi. Kampuni ya Netscape iliyokuwa inaongoza kwa vivinjari vya intaneti iliamua kuandika upya. Toleo la 4 lilitoka 1997, la 5 halikutoka kamwe, na la 6 likatoka Novemba 2000, washindani wakiwa wameshachukua soko. Wewe huna miaka mitatu, una miezi mitatu. Halafu jiulize: mnajua kwa hakika kwa nini salio halilingani? Kama hamjui, mtaandika upya kosa lile lile kwa msimbo safi.

Hapo ndipo napenda kukueleza kilichofanyika kwenye HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya Marekani. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa sita. Kikaitwa kikosi cha kuokoa jahazi, mmoja wa viongozi wake akiwa mhandisi kutoka Google, Mikey Dickerson. Walipofika walikuta hakuna mahali pamoja ambapo mtu angeweza kutazama na kujua tovuti inakwama wapi, kwa hiyo wakaanza kwa kuweka vipimo. Kisha wakakutana kila siku, asubuhi na jioni, kwa kanuni tatu: kwanza, kikao ni cha kutatua tatizo, lawama zina mahali pengine; pili, anayeongea ni anayelijua jambo, hata kama cheo chake ni kidogo; tatu, mazungumzo yahusu kitakachotuumiza ndani ya siku moja au mbili zijazo. Hawakuandika upya. Kufikia mwisho wa Novemba kurasa zilizokuwa zikichukua kama sekunde 8 kufunguka zilikuwa zinafunguka chini ya sekunde 1, na msimu wa kujiandikisha ulipofungwa Aprili 2014 watu wapatao milioni 8 walikuwa wamejiandikisha nchi nzima, kupitia tovuti hiyo na zile za majimbo. Sehemu ya kuingilia iliandikwa upya baadaye, huku nyingine zikiendelea na kazi. Kwa hiyo wajibu vijana wako hivi: kipande kimoja kimoja, baada ya Septemba, sawa. Mfumo mzima sasa, hapana.

Kanuni ile ya pili, ya anayejua ndiye aongee, ilinigharimu mimi mwenyewe wiki tano. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza mradi unaofanana na wako, na tatizo lilikuwa hilo hilo la salio. Tulikagua msimbo usiku na mchana, hatukuona kosa. Siku moja nikaenda kukaa pembeni ya mhasibu, mama mmoja wa makamo. Akaingiza risiti, akatazama skrini, kisha akafungua kaunta buku iliyokuwa chini ya kiwiko chake, akaandika salio kwa penseli. Risiti inayofuata, vile vile. Nikamwomba nione ukurasa. Pembeni ya majina fulani palikuwa na herufi M kwa kalamu nyekundu. "Hawa ni wa mkupuo," akasema, kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Bodi ilikuwa imebadili sera ya riba siku za nyuma. Mikopo mipya ilitozwa riba kwa salio linalopungua, ya zamani ikabaki kwenye riba ya mkupuo, inayohesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo, hadi iishe. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Kwa mkupuo riba ni 144,000, na rejesho ni 112,000 kila mwezi. Kwa salio linalopungua rejesho ni takriban 106,619, na riba yote haifiki 80,000. Mfumo wetu uliwakokotolea wote kwa njia ya pili, na uliikokotoa vizuri kabisa. Hatukuwa tumemuuliza mtu aliyeshika kalamu nyekundu. Sisemi kwamba hilo ndilo lililo kwenye mradi wako. Nasema sababu ya tofauti zako huenda inajulikana tayari na mtu ambaye hajawahi kualikwa kwenye kikao.

Kwa hiyo wiki ya kwanza simamisha kila kipengele kipya. Mwombe mhasibu achague wanachama 30, na kati yao 10 wawe wale anaowajua kwamba hesabu zao ni ngumu. Achague yeye, mkichagua ninyi mtachagua wepesi bila hata kukusudia. Kaeni naye mlinganishe shilingi kwa shilingi, mfumo upande mmoja, Excel na leja upande wa pili. Kila tofauti iandikwe na sababu yake: data iliingia vibaya, au kanuni haikueleweka, au ni kasoro ya msimbo, au haijajulikana. Kwa uzoefu wangu, tofauti nyingi mno hutokana na sababu chache. Mtagundua pia kwamba mara nyingine Excel ndiyo iliyokosea. Hapo msishangilie. Mwonyesheni mhasibu kwa faragha, aipeleke mwenyewe kwa meneja wake. Ukimuumbua mbele za watu, umempoteza.

Baada ya wiki hiyo ndipo uende kwa bodi. Mwarifu bosi wako kwanza, asije akasikia kwa wengine. Usiombe muda kwa simu, nenda ana kwa ana, na usimdharau katibu kwa kuwa ametumwa. Yeye ndiye mlango uliobaki wazi. Mwandalie ukurasa mmoja anaoweza kuufikisha kwa mwenyekiti kama ulivyo. Kikaoni sema kwa ufupi, kitu kama hiki:

"Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nikisema asilimia 90. Nilipima vibaya, na kosa ni langu. Tumelinganisha wanachama 30 waliochaguliwa na mhasibu. Salio la 11 halilingani. Sababu ya 8 tumeipata, ya 3 bado. Kuingiza akiba na hisa kunafanya kazi. Kuhesabu riba ya mikopo ya zamani hakufanyi kazi. Leo sina tarehe ya kumaliza mfumo mzima, na sitaki kuwapa tarehe nisiyoiamini. Ijumaa ijayo saa nane mchana, mhasibu atawaonyesha wale 8 wakiwa sawa."

Hizo namba ni za mfano, weka za kwako. Angalia mambo mawili yaliyomo. Kosa limekubaliwa kwa sentensi moja. Ukiomba radhi kwa nusu saa utawalazimisha wazee wa watu kukufariji, na hawakuja kwa kazi hiyo. La pili, atakayeonyesha ni mhasibu. Wewe ukisema salio liko sawa, ni neno lako, na neno lako kwa sasa halina thamani kwao. Yeye akisema liko sawa, wamesikia kwa mtu wao.

Imani hujengeka pale mtu anapoahidiwa kitu kidogo, kwa muda mfupi, ambacho anaweza kukihakiki mwenyewe, kisha kikatokea. Ndiyo maana ahadi ya Septemba haikusaidii hata kama utaitimiza: hadi ifike, wana miezi mitatu ya kukaa na wasiwasi. Ijumaa nne mfululizo zinawapa vitu vinne vya kushika mkononi. Chagua kidogo kuliko unachoweza. Na ukiona Jumatano kwamba ya Ijumaa haitatimia, sema Jumatano hiyo hiyo. Ahadi ikivunjika baada ya kutaarifiwa mapema huwauma watu, lakini huwaonyesha kwamba wakiwa na wewe hawatashtukizwa, na kwa bodi iliyoshtukizwa tangu Desemba hilo lina uzito mkubwa. Taarifa ya kila wiki iwe ukurasa ule ule, mpangilio ule ule, mabaya yakitangulia.

Sasa Septemba. Naona njia tatu. Unaweza kulazimisha mfumo mzima uwe tayari. Mimi nakusihi usifanye hivyo, maana kosa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu halitafutika. Unaweza kuahirisha kila kitu hadi mwakani. Ni salama kwa hesabu, lakini bodi itasimama mbele ya wanachama mikono mitupu na kuna hatari mkataba ukavunjwa. Njia ya tatu, ninayoipendelea, ni kuingiza kipande: akiba, hisa na marejesho kupitia makato ya mshahara. Utoaji wa mikopo mipya ubaki kwenye Excel kwa sasa. Makato ya Julai na ya Agosti yapitishwe pande zote mbili, Excel na mfumo, na kila mwisho wa mwezi jumla zilinganishwe na urari utoke sawa. Miezi hiyo miwili ikilingana, Septemba mwenyekiti atakuwa na cha kuwaambia wanachama, tena kilichohakikiwa na wahasibu wake.

Njia hii ina gharama, na usiifiche. Wahasibu watafanya kazi mara mbili kwa miezi miwili, kipindi ambacho tayari wanaandaa taarifa za mkutano. Hapa ndipo ile fedha ya vijana wanne inapofaa. Mwombe bosi wako aitumie kumlipa karani mmoja au wawili wenye uelewa wa uhasibu, wakasafishe data na kuingiza makato upande wa pili. Kazi hiyo inaweza kutengwa na kufundishwa kwa siku mbili. Mzigo ukitoka kwenye mabega ya wahasibu kwa gharama yenu, wataona kwa macho kwamba mmebadilika.

Kwa timu yako nina moja tu: achana na kazi za Jumapili. Aliyechoka ndiye anayerekebisha salio la mtu mmoja na kuharibu la kumi wengine. Na mteue mmoja wa kupokea simu za wahasibu kwa zamu ya wiki, wengine wapate utulivu.

Yapo mambo ambayo majibu ya maandishi kama haya hayatoshi, na nakuomba uyachukulie kwa uzito. Kama kuna fedha imeshatoka kwa hesabu mbovu, kwa mfano mwanachama amekatwa zaidi au amelipwa akiba isiyo yake, simamisheni uingizaji, hifadhini nakala ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, kama ilivyo siku hiyo, na meneja na bodi waarifiwe siku hiyo hiyo ili mkaguzi wa hesabu aitwe. Kamwe kijana asiingie kwenye kanzidata usiku kurekebisha salio kimya kimya, hata kama anachoandika ni sahihi. Mkaguzi akikuta tarakimu iliyobadilika bila muamala wala saini, haulizi tena kuhusu kuchelewa, anauliza kuhusu wizi.

Mkataba wenu nao usomwe na mwanasheria kabla hujaandika barua yoyote inayokiri kuchelewa au kukubali tarehe mpya. Mikataba mingi ina kipengele cha fidia ya ucheleweshaji, na neno moja kwenye barua pepe linaweza kugharimu kampuni yenu. Ukweli wa mdomo kikaoni utauhitaji mara moja; ukweli wa maandishi upitie kwake kwanza, na umwambie asifute ukweli huo, aupangie tu maneno.

Na kama baada ya mwezi ile safu ya "haijajulikana" haijapungua, tafuta mtu wa nje aliyewahi kutengeneza mifumo ya mikopo, asiye na maslahi upande wowote, akae nanyi ofisini siku tatu au nne. Asome msimbo, azungumze na wahasibu ninyi msiwepo, na taarifa yake wapewe bosi wako na bodi kwa wakati mmoja. Mtu huyo huyo anaweza kuwaambia mradi ufungwe. Kama upande wa SACCOS hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kuamua kanuni ya riba ni ipi, hakuna fundi atakayeumaliza, na kuufunga mapema kwa makubaliano ni heshima kwa fedha za wanachama.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao na vijana wako, pita kwa mhasibu. Usibebe kompyuta. Mwombe majina 30. Akitoa daftari lake, mwombe akusomee.